SOMO: FUNGA MEGA KABLA YA KUVUKA BARIYERI



Somo letu la leo ni juu ya simu ya mkononi, na hasa ile intaneti ambayo sote tunaiita mega. Wako watakaouliza: chama cha wafanyakazi kina kazi gani na mega? Jibu letu ni fupi. Kitu kinachokula mshahara wa mfanyakazi ni kazi ya chama, kiwe ni ushuru, kiwe ni faini, au kiwe ni simu iliyotulia mfukoni.

Kwetu Gisenyi kwenda nchi za nje si lazima kupanda ndege. Mama anayeuza karoti na maziwa huenda nchi za nje asubuhi kwa miguu, na jioni amesharudi kupika. Mkataba wa Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu ulitiwa sahihi hapa hapa Gisenyi, tarehe 20 Septemba 1976, na tangu siku zile wengi wetu tumezoea kwenda Goma kwa karatasi ndogo. Lakini simu haikuandikwa kwenye karatasi ile. Ukishavuka, wewe ni jirani, simu yako ni mgeni, na mgeni hutozwa.

Tueleze jinsi mambo yanavyokwenda. Simu husikilizana na mnara. Laini yako ya MTN au ya Airtel ya Rwanda hutafuta kwanza minara ya kampuni yake. Isipoisikia vizuri, huomba hifadhi kwenye mnara wa kampuni nyingine yenye mapatano na kampuni yako. Upande wa Goma kuna minara ya Airtel, Vodacom na Orange. Mwenye mnara huandika hesabu ya kila mega uliyotumia, huidai kampuni yako, na kampuni yako hukukata wewe. Huko ndiko kunaitwa romingi. Kwenye simu yenye Kiingereza utaona limeandikwa "roaming", na kwenye simu yenye Kifaransa "itinérance". Shikeni maneno hayo mawili, maana ndiyo mtakayoyatafuta.

Hapo kuna mtego unaowanasa wengi. Airtel iko Rwanda na Airtel iko Kongo, jina moja na rangi moja. Mtu hudhani kwamba akiwa na laini ya Airtel ya Rwanda, basi Goma yuko nyumbani. Sivyo. Ni kampuni mbili za ukoo mmoja, kila moja na leseni yake na bei zake. Uliza bei kwanza, usiliamini jina.

Mtego wa pili ni kwamba mawimbi ya simu hayajui mpaka. Anayekaa karibu na Bariyeri Ndogo, nyuma ya ukuta mnene, simu yake yaweza kukamata mnara wa Goma hali yeye amekaa kitandani kwake Rwanda. Wavuvi wa sambaza nao hukutwa na jambo hilo usiku, kwa sababu juu ya maji hakuna nyumba wala mlima wa kuzuia mawimbi, nayo husafiri mbali. Utajuaje? Tazama juu ya kioo, karibu na vile vijiti vya mtandao. Ukiona herufi R, au ukipata ujumbe wa kukukaribisha Kongo ilhali hujaenda popote, jua simu imehama.

Mwanachama mmoja, dereva wa lori linalopeleka saruji ng'ambo, alitujia amekasirika. Uniti alizoweka asubuhi zilikwisha kabla ya saa sita, wala hakumpigia mtu. Alipomweleza mwajiri, aliambiwa aache kutazama sinema kazini. Tulikaa naye tukaifungua simu, tukaingia kwenye mipangilio, mahali panapoonyesha kila programu imekula mega ngapi. Sinema hazikuwamo. Kilichokula ni WhatsApp, na ndani yake zilikuwa picha za hati za forodha na video za mzigo, ambazo ofisi ya mwajiri mwenyewe ilimwagiza azitume kila anapofika. Yaani mfanyakazi alikuwa akimlipia tajiri gharama za ofisi, kisha anatukanwa juu yake.

Tulikwenda kwa mwajiri na simu ile ile mkononi. Siku hizi kila safari dereva hupewa bando la nje, na limeandikwa kwenye karatasi ya safari pamoja na mafuta na posho. Tunasema wazi: simu inayotumwa kazini ni chombo cha kazi kama koleo na gari. Anayeagiza picha alipe mega. Madereva wengine walidai kwa mdomo tu, wakaahidiwa, na hadi leo wanaahidiwa. Dai lako liandikwe.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono. Fanya haya ukiwa bado upande wetu, uniti unazo na watu wa kukusaidia wako karibu.

Kwanza funga romingi. Ingia kwenye mipangilio, tafuta mitandao ya simu, utaona lile neno tulilolitaja. Lizime. Ukilizima, bado utapokea simu na ujumbe mfupi, ila mega hazitapita kwenye mnara wa kigeni. Kupiga na kupokea simu kuna bei yake mbali, kwa hiyo kutozwa kwa sauti bado kupo. Wale wanaokaa karibu na bariyeri waongeze jambo la pili: kwenye mipangilio hiyo hiyo waache kuchagua mtandao kwa kujiendesha, wauchague kwa mkono, waguse jina la kampuni yao ya Rwanda. Ila ukifanya hivyo kisha ukasafiri kweli, simu itakaa bila mtandao kabisa mpaka urudishe. Wako waliodhani simu imekufa, wakaipeleka kwa fundi na kulipa bure.

Halafu tazama WhatsApp. Yenyewe hupakua picha na video za kila kundi bila kukuuliza. Ndani ya mipangilio yake unaweza kuikataza isipakue ukiwa kwenye romingi. Duka la programu nalo liamuru lisasishe kwa Wi-Fi peke yake. Tufanye hesabu ya mfano tu: kampuni ikitoza faranga 100 kwa mega moja, video ya harusi ya mega 15 ni faranga 1,500, na wewe hata bibi harusi humjui.

Ukihitaji intaneti kweli huko uendako, njia ni mbili. Ya kwanza ni bando la nje kutoka kampuni yako. Kabla ya kununua uliza: ni la nchi gani, ni mega ngapi, ni siku ngapi, na likiisha nini kitafuata? Swali la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, maana kuna bando ambalo likiisha hukata mtandao, na kuna ambalo likiisha huendelea kula uniti kwa bei kali. Usipojibiwa, usinunue. Bando likishaingia ndipo ufungue romingi, na ukirudi uifunge tena.

Njia ya pili ni laini ya huko. Kwa mtu wa Goma wa kila siku twaona hii ndiyo bora. Simu nyingi huku zina nafasi mbili za laini. Iache ya Rwanda mahali pake, weka ya Kongo pembeni yake, kisha kwenye mipangilio chagua mega zitoke kwenye ya Kongo. Wengi husahau hatua hiyo ya mwisho, wakanunua bando kwenye laini mpya huku zinazokwenda ni uniti za laini ya zamani. Nunua mahali panapoandikisha kwa kitambulisho chako mwenyewe, wala usikubali laini yenye jina la mtu mwingine, kwani ikileta kesi utaieleza vipi? Usiondoke dukani kabla intaneti haijafunguka. Ikikataa, mara nyingi kilichokosekana ni APN, yaani jina la mlango wa intaneti wa kampuni hiyo. Mwuzaji hulijua na huliandika kwa dakika moja.

Kwa nini tunasema laini ya Rwanda usiitoe? Kwa sababu ndiyo mfuko wa pesa. Ujumbe wa MoMo na namba za siri za kuhakikisha huja kwenye laini hiyo. Banki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa M23, watu waliishi kwa pesa za simu. Aliyepoteza laini alipoteza na akiba.

Wanaoelekea Kampala na Nairobi wana nafuu kidogo. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza Eneo Moja la Mtandao, zikaondoa gharama ya kupokea simu na kushusha bei ya kupiga. Mpango ule ulianza na sauti, kwa hiyo juu ya mega ulizeni kila mara. Na msidhani kwamba kwa kuwa Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, basi bei za simu zimekwisha kuungana. Kuweka sahihi ni siku moja, kushusha bei ni kazi nyingine.

Dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni, neno moja kwenu. Namba ya familia na ya chama ziandikeni kwenye karatasi na kuishona ndani ya nguo, maana simu yaweza kuchukuliwa na mwenye nyumba. Wekeni namba ya siri ya hatua ya pili kwenye WhatsApp kabla ya kuondoka. Ombeni mtu wa nyumbani awe anaitilia uniti laini yenu ya Rwanda, kwa kuwa laini iliyokaa kimya muda mrefu hufungwa, na namba yaweza kupewa mtu mwingine.

Ukikatwa uniti usizozitumia, andika tarehe, saa, salio la kabla na salio la baada. Nenda kwanza kwenye kampuni ya simu, uombe malalamiko yako yaandikwe na upewe namba yake. Wasipokujibu, peleka kwa RURA, ambao ndio wasimamizi wa kampuni za simu nchini. Asiyejua kuandika barua aje ofisini kwetu, tutaiandika pamoja. Aje na simu yenyewe, yenye chaji, na asifute ujumbe wowote uliotoka kwenye kampuni.