Supu ya Mifupa: Nguvu Iliyomo na Ile Isiyokuwamo

Ukipita soko la Kabati, Kitui Magharibi, jioni watu wanapotoka kazini, utawaona wengine wakitoka buchani na mfuko wa mifupa badala ya kilo ya nyama. Ni ununuzi wa busara. Mifupa ni rahisi kuliko nyama, huwatosha watu wengi, na harufu ya supu ikichemka huwaita watoto wenyewe jikoni. Mgonjwa hupewa supu, mama aliyejifungua hupewa supu, na mzee anayelalamika magoti huambiwa anywe supu kila siku.

Somo hili linaeleza faida ambazo familia hupata kwa kunywa supu ya mifupa mara kwa mara, na mahali faida hizo zinapoishia. Kujua mpaka huo ni muhimu, hasa kwa nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka miwili.

Kilichomo ndani ya supu

Mfupa una sehemu kadhaa. Nje ni mfupa mgumu, uliojengwa kwa madini ya kalisi na fosforasi. Kwenye viungo kuna gegedu na kano. Ndani ya mifupa mikubwa kuna uboho, ambao sehemu yake kubwa ni mafuta. Mara nyingi pia hubaki nyama kidogo iliyoshikamana na mfupa.

Mifupa ikichemshwa kwa saa kadhaa, gegedu na kano hulainika na kutoa protini iitwayo jelatini. Ndiyo inayofanya supu iliyopoa igande na kutetemeka. Uboho huyeyuka na kuelea juu kama mafuta. Chumvichumvi za mwili wa mnyama, kama potasiamu na sodiamu, huingia majini. Kwa hiyo kikombe cha supu nzito humpa mtu maji, joto, gramu chache za protini, mafuta kiasi, chumvi na ladha ya kuamsha hamu ya kula.

Faida hizo si za kudharau. Mgonjwa asiyetaka chakula huweza kuanza na supu, kisha akala. Mzee asiye na meno humeza chakula kilicholainishwa kwa supu. Mtu aliyeshinda juani hurudishiwa maji na chumvi. Na chakula kikavu kama muthokoi kikipata supu, huliwa kwa wingi zaidi.

Kisichokuwamo

Watu wengi huamini kwamba kwa kuwa mfupa umejaa kalisi, supu yake pia imejaa kalisi. Sivyo. Kalisi imefungwa ndani ya mfupa mgumu, na kuchemsha hakuifungui ila kwa kiasi kidogo sana. Ndiyo maana mfupa uliochemshwa siku nzima bado ni mgumu. Kutia limau au siki huongeza kiasi hicho kidogo tu.

Linganisha. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalisi kwa siku. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina karibu miligramu 300. Kikombe cha supu ya mifupa kwa kawaida hakifikishi asilimia 5 ya mahitaji ya siku. Anayetaka kalisi ataipata katika maziwa, wimbi, terere, na omena wanaoliwa pamoja na mifupa yao.

Protini nayo ina kasoro. Jelatini inakosa kijenzi kimoja ambacho mwili hauwezi kujitengenezea, kiitwacho triptofani. Jambo hili lilianza kuonekana zamani. Huko Paris, wagonjwa maskini hospitalini walikuwa wakipewa supu ya jelatini iliyotolewa kwenye mifupa, kwa imani kwamba ingeshika nafasi ya nyama. Mwaka 1841 tume ya wanasayansi iliyoongozwa na François Magendie ilitoa ripoti yake: mbwa waliolishwa jelatini peke yake walidhoofika na kufa.

Mwaka 1934 watafiti McCance, Sheldon na Widdowson walipima jijini London supu za mifupa na mboga ambazo watoto walikuwa wakianzishiwa. Walikuta kwamba lishe yake ni ndogo, na kwamba haifai kuwekwa mahali pa maziwa.

Kuhusu magoti, jelatini ikifika tumboni humeng'enywa kama protini nyingine na kutumika popote mwili unapohitaji. Haiendi moja kwa moja kwenye goti. Mzee mwenye maumivu anaweza kuifurahia supu yake, lakini maumivu yakiendelea apelekwe kituo cha afya.

Tumbo dogo la mtoto

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 46 ya watoto wa Kitui walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kitui na Pokot Magharibi ndizo zilizokuwa na kiwango cha juu zaidi nchini. Wastani wa Kenya nzima ulikuwa asilimia 26, na kufikia 2022 ulikuwa umeshuka hadi asilimia 18. Kudumaa si ufupi wa kimo tu. Mtoto aliyedumaa huugua kwa urahisi, na huenda akapata shida darasani. Madhara mengi huingia kati ya mimba na siku ya kuzaliwa ya pili, na baada ya hapo ni vigumu kuyarekebisha.

Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Hujaa kwa kiasi cha kikombe kimoja. Kikombe hicho kikijazwa supu nyepesi, mtoto atashiba na kulala, na mama ataona mtoto ameshiba vizuri. Lakini alichopata ni maji mengi na chakula kidogo. Akiamka atapewa supu tena. Miezi inapita hivyo, na urefu hauongezeki.

Mazungumzo kama haya husikika katika nyumba nyingi. Nyanya anasema, "Mpe mtoto supu, mwanangu. Nyama ni ya wenye meno." Mama wa mtoto anajibu, "Sawa, mama, supu nitampa. Lakini hata nyama yenyewe nitaitwanga, imeze pamoja na ndengu." Wote wawili wanamtakia mtoto mema, na wote wawili wana sehemu ya haki. Supu ni nzuri, lakini iwe ya kulainishia chakula cha mtoto, isiwe ndiyo chakula chenyewe.

Kanuni ya kufuata ni hii:

Kabla ya miezi 6: maziwa ya mama pekee. Hakuna supu, hakuna maji, hakuna uji. Dawa ni ile tu iliyoandikwa na mhudumu wa afya.

Kuanzia miezi 6: mtoto aendelee kunyonya, na aanze chakula kizito kinachokaa kwenye kijiko bila kumwagika. Pika uji mzito au ponda viazi, kisha ongeza ndengu au kunde zilizopondwa, nyama au ini lililosagwa, yai, au omena waliosagwa. Supu itumike kuvilainisha.

Chumvi: toa sehemu ya mtoto kwenye sufuria kabla ya kutia chumvi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja haongezewi chumvi.

Vijiti vya mifupa: chuja supu ya mtoto kwa kichujio au kitambaa safi. Kijiti kidogo kinaweza kumkaba koo.

Supu na ndengu

Kasoro ya jelatini inazibwa na vyakula ambavyo mashamba ya Kitui hutoa: ndengu, kunde, mbaazi na maharagwe. Vyakula hivyo vina kile kijenzi cha protini kinachokosekana kwenye jelatini, na pia vina madini ya chuma. Kwa hiyo nyumba inayopika ndengu kwa supu ya mifupa inakula vizuri kuliko ile inayokunywa supu peke yake kwa ugali.

Kwa familia ya watu sita, kilo moja ya mifupa na vikombe viwili vya ndengu au mbaazi vinatosha. Fanya hivi:

1. Osha mifupa. Ile mikubwa mwombe mwenye bucha aivunje, ili uboho utoke.

2. Iweke kwenye sufuria yenye lita 3 za maji baridi. Ikianza kuchemka, toa povu linaloelea.

3. Punguza moto, funika, na uache ichemke polepole. Mifupa ya kuku hutosha kwa saa moja na nusu hadi mbili, ya mbuzi saa mbili hadi tatu, ya ng'ombe saa tatu hadi nne.

4. Ondoa mifupa. Bambua nyama, gegedu na uboho uliobaki, uvirudishe kwenye sufuria. Hapo ndipo penye chakula, msivitupe.

5. Tia ndengu, au mbaazi zilizolowekwa usiku kucha. Zikikaribia kuiva, ongeza nyanya na kitunguu. Mboga za majani kama terere, majani ya kunde au sukuma wiki zitiwe dakika chache za mwisho.

6. Toa sehemu ya mtoto. Sasa tia chumvi kidogo.

Wanaotumia makaa au kuni watasema saa nne za moto ni gharama, na ni kweli. Kwa hiyo mifupa ipikwe siku ambayo moto utawaka tu, kwa mfano siku ya kuchemsha isyo au muthokoi. Mifupa ikiingia kwenye sufuria hiyo hiyo, moto mmoja umefanya kazi mbili. Sufuria ifunikwe wakati wote.

Usalama wa mifupa

Nunua mifupa kwenye bucha yenye leseni, ambako nyama imepigwa muhuri wa mkaguzi. Usipokee wala kununua mifupa ya mnyama aliyekufa mwenyewe, hata ukiambiwa amekufa kwa kiangazi. Mnyama huyo anaweza kuwa na kimeta, na kuchemsha si kinga ya kutegemea. Mtu huambukizwa hata kwa kumchuna tu. Kifo cha ghafla cha mifugo kiripotiwe kwa afisa wa mifugo au kwa chifu.

Supu isikae nje zaidi ya saa mbili baada ya kupikwa. Katika joto letu, vijidudu huzaliana upesi ndani ya supu vuguvugu. Asiye na friji apike ya kumalizwa siku hiyo. Supu iliyolala nje isipewe mtoto, hata ikichemshwa upya, kwa maana sumu nyingine za vijidudu haziishi kwa moto.

Wanaopaswa kuwa waangalifu

Mwenye shinikizo la damu apunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo ni pamoja na viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi. Aache supu ipoe, kisha aondoe mafuta yaliyoganda juu. Mwenye jongo au ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Mama mjamzito asidhani supu inachukua nafasi ya vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Supu ina madini ya chuma kidogo sana. Na mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, pamoja na dawa ya zinki kutoka zahanati. Aendelee kunyonya na kula. Supu haitibu kuharisha.

Jipime nyumbani

Jioni ya leo, tazama sahani ya mdogo kuliko wote nyumbani, ujiulize maswali manne. Je, chakula chake kinakaa kwenye kijiko, au kinamwagika? Je, kuna ndengu, kunde, yai, nyama au samaki ndani yake, au ni supu tu? Je, kuna mboga ya majani au tunda? Je, bado ananyonya, kama hajafika miaka miwili?

Jibu likiwa si zuri, mweleze mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako. Mwombe ampime mtoto mkono kwa utepe wa rangi. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye utepe wake unasoma kijani, yaani sentimita 12.5 au zaidi, hajakonda, lakini bado anahitaji chakula kizito. Rangi ya manjano ni onyo. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, ni ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Utepe huonyesha kukonda, hauonyeshi kudumaa. Urefu hupimwa kliniki na kuandikwa kwenye kitabu cha afya ya mama na mtoto, kwa hiyo tarehe za kliniki zisikose.

Mifupa ya bucha iendelee kununuliwa na sufuria iendelee kuchemka. Mkubwa anywe supu yake na afurahie. Mtoto naye apewe kilichobaki chini ya sufuria: nyama iliyotwangwa, uboho na ndengu.