Wakala wa Seva: Mipangilio ya Mahali na Mipangilio ya Makao Makuu

Katika elimu ya kompyuta, wakala ni programu ndogo iliyopachikwa ndani ya seva ya tovuti, mfano wa bawabu mlangoni. Kila ombi la kufungua ukurasa hupita kwake kwanza, naye huiuliza seva ya makao makuu iwapo mwombaji amekwisha kujitambulisha. Je, mipangilio ya bawabu huyu iandikwe wapi?

Hapo awali iliandikwa katika faili la seva ileile. Mwenye seva thelathini alilazimika kusahihisha mafaili thelathini, na moja likisahauliwa, mlango mmoja hubaki wazi. Mwaka 2008 programu ya OpenSSO ya kampuni ya Sun Microsystems iliwezesha mipangilio itunzwe makao makuu, kila wakala akaichukue huko. Lakini haihamishiki yote. Wakala anapowashwa hajui makao makuu yako wapi, wala hana cha kujitambulishia. Kwa hiyo anwani ya makao makuu, jina la wakala na neno lake la siri lililogeuzwa fumbo havina budi kubaki mahali.

Tuseme shule moja ya Picha ya Ndege, Kibaha, ina seva yenye masomo yaliyo wazi kwa wote na matokeo ya mitihani yaliyofungwa, nayo makao makuu yako ng'ambo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Siku ya namna hiyo umeme ukikatika na kurudi, wakala anayetegemea makao makuu peke yake huamka hana mpangilio wowote. Hata masomo hayafunguki. Aliyehifadhi mahali nakala ya mwisho ya orodha ya kurasa zilizo wazi huendelea kutoa masomo. Matokeo hubaki yamefungwa, kwa kuwa hakuna wa kumthibitisha mwombaji, na ndivyo ipasavyo.

Kuchanganya, basi, ndiko kunakofaa, mradi ijulikane nani ana kauli ya mwisho. Mahali paruhusiwe kukaza, pasiruhusiwe kulegeza: shule yaweza kuufunga ukurasa uliofunguliwa na makao makuu, bali haiwezi kuufungua uliofungwa nayo. Seva ya Apache ina utaratibu wa jamii hiyo. Faili la .htaccess lililomo ndani ya folda hutiiwa tu pale faili kuu, kwa amri ya AllowOverride, lilipotoa idhini. Na tangu toleo la 2.4 la mwaka 2012, idhini hiyo haipo mpaka msimamizi aiandike mwenyewe.