Kamusi Iliyozaliwa Ujapani

Wanachama wenzangu, mtu akikosea Kiingereza darasani, darasa zima huangua kicheko. Lakini je, mwajua kwamba makosa ya wanafunzi ndiyo yaliyotupatia kamusi ambayo wengi wetu huitumia, Oxford Advanced Learner's Dictionary? Ukisikia Oxford utadhani ilitungiwa Uingereza. La hasha! Ilizaliwa Ujapani.

Mwaka wa 1924, Mwingereza A. S. Hornby alikwenda mji wa Oita, Ujapani, kufundisha fasihi ya Kiingereza chuoni. Alipofika akaona kuwa wanafunzi walihitaji lugha yenyewe kwanza. Fasihi utaionjaje na sentensi imekushinda? Huko Tokyo, Mwingereza mwingine, Harold Palmer, alikuwa akiongoza taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza iliyoanzishwa mwaka wa 1923. Hornby akajiunga na kazi hiyo. Palmer aliporudi kwao mwaka wa 1936, Hornby aliendelea, akaanza kutunga kamusi pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield.

Kamusi za kawaida zilimlenga mwenye lugha, zikamweleza maneno magumu. Lakini mgeni hukwama hata kwenye maneno mepesi. Kwa mfano, sisi husema habari moja, habari kumi. Kwa Kiingereza, neno "information" halihesabiki hivyo. Mwingereza hulijua hilo tangu utotoni. Mgeni asipoambiwa atalijuaje? Basi Hornby na wenzake wakaonyesha nomino zinazohesabika na zisizohesabika. Tena wakavipanga vitenzi katika mifumo 25, ili mwanafunzi ajue kila kitenzi hufuatwa na nini.

Kazi ilikamilika mwaka wa 1940. Desemba 1941 vita vikazuka baina ya Ujapani na Uingereza, na Hornby akawekwa kizuizini. Mwaka wa 1942 alirudishwa kwao, na mwaka uo huo kamusi ikachapishwa Tokyo, vita vikiendelea! Oxford waliichapisha upya mwaka wa 1948.

Sasa turudi kwetu. Mtu akisema "kitabu yangu" tunamcheka, ati hajui Kiswahili. Jamani, tumejiuliza ni kwa nini amekosea? Huenda lugha yake ya kwanza, kama vile Kijaluo, haina ngeli kama zetu. Kicheko hakitamfundisha kitu, ila kitamfunga mdomo tu, na asiyesema hajifunzi.

Kwa hivyo napendekeza chama chetu kiwe na daftari la makosa, bila majina ya watu. Kila kosa tuliandike, tutafute chanzo chake, kisha tuandike sentensi tatu zilizo sahihi. Mwisho wa mwaka tutakuwa na kijitabu cha ngeli kilichotoka vinywani mwetu wenyewe. Kidato cha kwanza wajao watatushukuru.