Tiba ya Viungo Ianzie Kijijini
Kijitabu cha elimu kwa wananchi wa Isongole, Wilaya ya Rungwe

Kijitabu hiki kinamhusu nani

Kinakuhusu wewe mkulima wa viazi mviringo, wewe mpakiaji wa magunia kandokando ya barabara ya Uyole kwenda Kasumulu, wewe dereva wa bodaboda unayekata ukungu alfajiri, wewe mama mwenye mtoto mchanga, na wewe unayemuuguza mzazi aliyepatwa na kiharusi. Kinawahusu pia wajumbe wa kamati za zahanati, watendaji wa vijiji na diwani, kwa sababu sehemu kubwa ya mambo yaliyomo humu inahitaji maamuzi ya vikao.

Ujumbe wake ni mmoja. Kuokoa uhai wa mgonjwa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumrudishia uwezo wa kusimama, kutembea, kushika jembe na kujilisha mwenyewe. Kazi hiyo ina mtaalamu wake, na mtaalamu huyo anapaswa kuwa ndani ya mipango ya afya kuanzia kijijini hadi halmashauri, asikumbukwe tu baada ya mgonjwa kulemaa.

Mtaalamu wa tiba ya viungo anafanya nini

Wagonjwa wengi humwita daktari wa mazoezi. Kazi yake ni kupima nguvu za misuli, kiasi ambacho kiungo kinakunjika na kunyooka, jinsi mtu anavyotembea, anavyopumua na anavyojiweka sawa asianguke. Baada ya kupima hupanga mazoezi, hutumia mikono yake, joto au barafu, humfundisha mgonjwa na ndugu zake, na hushauri kuhusu magongo, viatu maalumu au kiti cha magurudumu.

Ni fani inayosomewa chuoni kwa miaka kadhaa, ngazi ya stashahada na shahada. Kwa miongo mingi wataalamu wengi wa Tanzania wamefundishwa KCMC mjini Moshi. Palepale Moshi, tangu mwaka 1981, kipo pia chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi sanifu wa viungo bandia na vifaa saidizi.

Mtaalamu huyu si mkandaji. Mfupa uliovunjika ukikandwa kwa nguvu nyumbani unaweza kuhama, kukata mshipa wa damu au kuunga vibaya. Aliyeanguka na kuumia afungwe kipande cha ubao au kitu kigumu ili asitikisike, kisha apelekwe kituo cha afya.

Kwa nini hili ni suala la afya ya jamii

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo ingepata nafuu kwa huduma za utengamao, yaani huduma za kumrejeshea mtu uwezo wake. Mwaka 2017 shirika hilo lilizindua mpango wa Utengamao 2030, na mwaka 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize utengamao katika mifumo yao ya afya, hadi kwenye huduma za msingi. Huduma za msingi kwa mwananchi wa Isongole ni zahanati yake.

Nchini kwetu, utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kuwa kiharusi ni tatizo kubwa. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa takriban 109 katika kila watu 100,000 huko Hai, na takriban 316 Dar es Salaam. Shinikizo la juu la damu ndilo linaloongoza kwa kusababisha kiharusi, na wengi wanalo bila kujua. Kwa hiyo kupima presha zahanati, hata kama husikii maumivu, ni hatua ya kwanza ya kujikinga.

Kujikinga pia ni kuushughulisha mwili. Mtu mzima anashauriwa kupata angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli inayomfanya apumue kwa kasi kiasi. Anayelima na kupanda vilima vya Rungwe huzifikia bila shida. Anayekaa dukani au ofisini kutwa nzima ajiwekee utaratibu wa kutembea.

Mgongo na gunia

Msimu wa kuvuna viazi ndio msimu wa migongo. Wapakiaji hubeba lumbesa, gunia lililojazwa hadi kushonewa kofia juu, na kulipandisha kwenye fuso kwa ubao mwembamba unaoteleza kwa mvua. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100. Tumezoea kuizungumza sheria hiyo kama kinga ya mfuko wa mkulima asipunjwe. Ni kinga ya uti wa mgongo pia, na hata kilo 100 ni mzigo wa kubebwa na zaidi ya mtu mmoja.

Namna ya kunyanyua:

1. Sogea karibu na mzigo, miguu itanuke usawa wa mabega, mguu mmoja mbele kidogo.
2. Kunja magoti na nyonga. Usiinamie mzigo kwa kukunja kiuno pekee.
3. Ukumbatie mzigo ukaribiane na kifua, kisha simama kwa nguvu za mapaja.
4. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Usizungushe kiuno huku umebeba.
5. Kwa kuinua hadi kwenye gari, wawe watu wawili au zaidi na mmoja ahesabu ili mnyanyue pamoja.

Mgongo ukiuma, usilale kitandani wiki nzima. Maumivu mengi ya kiuno hupungua mtu akiendelea na shughuli nyepesi na kutembea, huku akifuata mazoezi aliyofundishwa. Lakini nenda hospitali haraka ukiona mojawapo ya haya: mkojo au haja kubwa inatoka bila kujizuia, au mkojo unagoma kutoka; ganzi katikati ya mapaja; mguu unaishiwa nguvu; maumivu yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda, kwani kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo.

Mgonjwa wa kiharusi akiwa nyumbani

Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea, kauli ikikorogeka ghafla, hicho ni kiharusi hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Mpeleke mgonjwa hospitali saa hiyohiyo. Usimpe chakula wala kinywaji njiani, maana anaweza kupaliwa.

Baada ya kuruhusiwa, wiki na miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa zaidi ya mazoezi. Mtaalamu akishafika au mkishamfikia, uangalizi wa kila siku unabaki mikononi mwa familia. Mambo haya yashikwe:

*Usimvute kwa mkono uliopooza.* Ndilo kosa linalotendeka kwa upendo. Kijana anataka kumkalisha mama yake, anamshika mkono uliolegea na kuuvuta. Misuli iliyokuwa imelishikilia bega haina nguvu tena, bega linachomoka kidogo kidogo, na baada ya wiki chache mgonjwa hawezi kuguswa kwa maumivu. Badala yake mgeuze kwanza alale ubavu, mteremshe miguu nje ya kitanda, weka mkono wako nyuma ya bega lake na mwingine kwenye nyonga, kisha mwinue akae. Akishakaa, mkono uliopooza uuegemeze kwenye mto au khanga iliyokunjwa.

*Mgeuze kila baada ya saa mbili* akiwa hawezi kujigeuza, ili asipate vidonda vya kulalia. Kagua visigino, nyonga na mfupa wa makalio kila siku.

*Mlishe akiwa amekaa wima*, tonge dogo dogo, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula.

*Mwache afanye anachoweza.* Akiweza kushika kikombe kwa mkono mzima, ashike. Kumfanyia kila kitu kunamchelewesha kupona.

Watoto: kuwahi ndiyo tiba

Mguu kifundo, ule unaozaliwa umepinda kwa ndani na chini, hutokea kwa takriban mtoto mmoja katika kila watoto 1,000. Haukuletwa na laana wala kosa la mama. Kwa njia ya Ponseti mguu hunyooshwa taratibu kwa mikono na kufungwa plasta ngumu, ambayo wengi tunaiita hogo. Plasta hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba. Watoto wengi huhitaji pia kukatwa kidogo mshipa mnene wa kisigino, kisha huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala hadi wafikie miaka minne au mitano. Wazazi wengi hukata tamaa kwenye hatua ya viatu, mguu ukiwa tayari umenyooka, na mguu hurudi ulikotoka. Viatu visiachwe.

Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata manjano makali au homa ya uti wa mgongo afuatiliwe kwa karibu. Asipokaa bila kushikwa akiwa na miezi tisa, asipotembea akiwa na mwaka mmoja na nusu, au akiwa amekakamaa au amelegea kupita kiasi, mpeleke kliniki ya mtoto na uombe apelekwe kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Mwenye mtindio wa ubongo anaweza kujifunza mengi, na asifungiwe ndani.

Ajali na uzee

Baada ya ajali, hogo la mfupa uliovunjika likitolewa, goti au kiwiko huwa kimekauka na misuli imesinyaa. Hapo ndipo vijana wengi wa bodaboda huona wamepona na kuacha kurudi hospitali. Ombeni maelekezo ya mazoezi kabla ya kuruhusiwa, na mkayafanye. Kwa wazee, anguko moja linaweza kuvunja nyonga. Kuvisawazisha vizingiti, kuweka mshikio njiani kuelekea chooni na kufanya mazoezi ya kusimama kutoka kwenye kiti mara kadhaa kwa siku hupunguza hatari hiyo.

Usimamizi: huduma isiyohesabiwa haipangiwi fedha

Mwananchi wa Isongole anaanzia zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Wilaya iliyopo Makandana, Tukuyu, au Hospitali ya Igogwe, na kwa matatizo makubwa zaidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Nauli, kukosa shughuli kwa siku nzima na kulala safarini ndivyo vinavyowafanya wengi waache mazoezi baada ya kwenda mara moja. Dawa ya tatizo hilo iko kwenye usimamizi, na mtaalamu wa tiba ya viungo ana nafasi yake hapo.

*Takwimu.* Kila kituo hujaza vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za huduma za afya. Mgonjwa wa kiharusi, mtoto wa mguu kifundo na mwenye maumivu ya mgongo waandikwe kikamilifu, pamoja na rufaa zao. Mtaalamu akizisoma takwimu hizo atajua ni kijiji gani kina wagonjwa wengi na kwa sababu gani.

*Mpango na bajeti.* Halmashauri huandaa Mpango Kabambe wa Afya kila mwaka. Mtaalamu wa tiba ya viungo ashirikishwe katika maandalizi ili siku za kliniki ya mkoba, magongo na mafunzo kwa watumishi viwekewe kifungu. Mtaalamu mmoja akija kata kwa siku inayojulikana mapema, wagonjwa wengi wanaepuka nauli.

*Rufaa ya kwenda na kurudi.* Mgonjwa akiruhusiwa Mbeya au Tukuyu, karatasi yake ionyeshe mazoezi anayotakiwa kufanya, na zahanati ipate taarifa ili ifuatilie.

*Wahudumu wa afya ngazi ya jamii.* Hawa hupita nyumba kwa nyumba. Mtaalamu akiwafundisha namna ya kumgeuza mgonjwa, kutambua mguu kifundo na kukagua vidonda vya kulalia, ujuzi wake unafika vitongoji ambavyo yeye mwenyewe hawezi kuvifikia kila wiki.

Haki yako

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inatambua haki ya huduma za afya na utengamao kwa mtu mwenye ulemavu. Halmashauri pia hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mtu aliyekatwa mguu akapata kiungo bandia na mtaji wa kufuga au kufungua duka amerudi kwenye uchumi wa kijiji.

Unapokuwa hospitali, uliza bila woga: Mtaalamu wa tiba ya viungo yupo, na siku gani? Bima yangu inagharamia mazoezi? Nifanye nini nyumbani, mara ngapi kwa siku? Dalili gani zinirudishe haraka?

Tuanze sasa

Kila kaya ipime presha ya watu wazima wake. Kila kikundi cha wapakiaji kikubaliane kukataa lumbesa kwa pamoja, kwa sababu anayekataa peke yake hukosa kazi ya siku hiyo.

Kamati ya zahanati iorodheshe wagonjwa waliolala majumbani na watoto wenye ulemavu katika kila kitongoji, na iipeleke orodha hiyo kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji unaofanyika kila baada ya miezi mitatu. Mtendaji aifikishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani aisimamie kwenye vikao vya halmashauri. Ombi liwe bayana: kliniki ya mkoba ya tiba ya viungo Isongole, yenye ratiba. Tarehe 8 Septemba, ambayo ni Siku ya Tiba ya Viungo Duniani, inafaa kuwa siku ya kuizindua. Orodha yenye majina, umri na tatizo la kila mtu ina nguvu kikaoni kuliko malalamiko ya jumla, na kuiandika kunahitaji daftari, kalamu na mjumbe aliye tayari kupita nyumba kwa nyumba.