Kabla ya Kuuliza "Huyu Ni Mtanzania?"

Uchaguzi ukikaribia, Kigoma, Kagera na Katavi huibuka pingamizi la aina moja: mgombea fulani si raia. Ushahidi unaotolewa mara nyingi ni jina la babu, lafudhi, au kijiji alikozaliwa mama upande wa pili wa mpaka. Jina na lafudhi havimo katika vipimo vya Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, na kijiji cha mama, peke yake, hakithibitishi lolote. Mwananchi ana haki kamili ya kubishana kuhusu wageni, wingi wao na nafasi yao nchini. Nchi ni yake. Ila aijue sheria kwanza, azisome takwimu, ndipo ashike upande.

Uraia wa Tanzania ni wa aina tatu. Upo wa kuzaliwa, upo wa kurithi kwa mtoto aliyezaliwa nje ya nchi na mzazi Mtanzania, na upo wa tajnisi, ambao mgeni huuomba na kupewa. Kwenye ule wa kuzaliwa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ikisomwa neno kwa neno, aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, ni raia, isipokuwa watu wachache kama mtoto wa mwanadiplomasia wa kigeni. Kiutendaji, Idara ya Uhamiaji hutaka walau mzazi mmoja awe alikuwa raia wakati mtoto anazaliwa. Kati ya maandishi na utendaji kuna pengo, na katika pengo hilo wamekulia watu wengi waliozaliwa hapa, wakasoma hapa, na wakaendelea kuhesabiwa wageni.

Tajnisi nayo ina masharti yake. Mwombaji awe ameishi nchini mfululizo kwa miezi 12 kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi nchini kwa jumla ya miaka isiyopungua saba. Awe na tabia njema, ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe na nia ya kubaki. Hutangaza gazetini kwamba anaomba, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Maombi hupita kwenye kata, wilaya na mkoa kabla ya kufika kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Waziri halazimiki kueleza kwa nini amekubali au amekataa. Akikubaliwa, mwombaji huukana uraia wake wa zamani, kwa kuwa mtu mzima wa Tanzania haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili. Kisha anakula kiapo na kupewa cheti.

Hapo yapo makosa matatu ya barazani yanayofaa kusahihishwa mapema. Kukaa sana si uraia: miaka 40 bila maombi inamwacha mtu palepale alipokuwa. Kitambulisho cha taifa kinachotolewa na NIDA nacho peke yake hakithibitishi uraia, maana mamlaka hiyo huwaandikisha pia wageni wakaazi na wakimbizi. Na ndoa haimgeuzi mtu kuwa raia siku ya harusi. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba kwa njia nyepesi zaidi, lakini mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo; afuate masharti ya kawaida kama mgeni mwingine yeyote. Tofauti hii kati ya shemeji na wifi sioni inatetewaje leo, lakini ndiyo sheria.

Sasa twende Katumba.

Mwaka 1972 mauaji ya halaiki nchini Burundi yaliwafukuza watu kwa makumi elfu kuelekea mashariki. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapangia makazi matatu kwenye misitu yenye watu wachache: Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika eneo la Mpanda, ambalo leo ni mkoa wa Katavi. Walipewa mashamba badala ya mahema. Wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa serikali kwa sababu wakaaji walikuwa wanajilisha wenyewe. Watoto wao walisoma shule za msingi kwa Kiswahili. Kipimo cha lugha kilichomo kwenye sheria, kijana wa Katumba angekipita akiwa amefumba macho. Wapo wawekezaji wenye vibali halali ambao wasingekipita.

Hata hivyo walibaki wakimbizi. Aliyetaka kutoka makazini kwenda mjini alihitaji kibali. Mambo yao yalisimamiwa na Mkuu wa Makazi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani.

Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, zilikubaliana kufunga ukurasa huo. Wakaaji wapatao 218,000 waliulizwa: mnarudi au mnabaki? Karibu wanne katika kila watano walichagua kubaki. Zaidi ya 50,000 walirejeshwa Burundi. Mwaka 2010 serikali iliwakubalia uraia wa tajnisi watu 162,156, hatua kubwa isiyokuwa ya kawaida kwa nchi yoyote duniani iliyohifadhi wakimbizi. Haikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania kufanya hivyo, kwani Mwalimu aliwapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000 mwaka 1980. Lakini kati ya 1980 na 2010 ulikuwapo mwaka 1994, ambapo takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi wakikimbia Rwanda. Baada ya hapo ukarimu ulianza kuwekewa masharti, na haishangazi.

Sharti la 2010 lilikuwa zito. Ili wapewe vyeti, raia wapya walitakiwa kuhama makazi na kutawanywa katika mikoa 16. Hoja ya serikali haikuwa ya kubeza: watu wa asili moja wakikaa pamoja kwa wingi wanaweza kujiona taifa ndani ya taifa, na siasa za Burundi, zenye damu nyingi, zingeweza kupata tawi huku. Nchi iliyotumia nguvu kubwa kuua ukabila ilikuwa na sababu ya kuogopa.

Dawa ndiyo iliyokuwa mbovu. Kumtoa mkulima kwenye shamba alilolifungua mwenyewe, makaburi ya wazazi wake yakiwa kando, na kumpeleka mkoa asioufahamu si kumchanganya na wenyeji. Ni kumfanya mkimbizi mara ya pili, safari hii akiwa na karatasi. Fedha za kuwahamisha hazikutosha, mikoa iliyokusudiwa haikuwa tayari, na watu waliambiwa wasipande mazao ya muda mrefu kwa kuwa wangeondoka wakati wowote. Kwa miaka minne walikaa katika hali ambayo sheria haina jina lake: uraia wa Burundi wameukana, ukimbizi umekwisha, cheti hawana. Serikali hatimaye iliondoa sharti la kuhama, na Oktoba 2014, chini ya Rais Jakaya Kikwete, vyeti vikaanza kugawiwa.

Kwa hiyo mtu akisema wageni wanaigeuza sura ya nchi, muulize anazungumzia nchi au kata. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Ongezeko hilo ni karibu watu milioni 1.7 kwa mwaka. Raia wapya wote 162,156 ni sawa na ongezeko la kawaida la wiki tano hivi. Kitaifa, hofu ya kumezwa haina miguu. Lakini usiishie hapo ukajiona umeshinda, maana Nsimbo, iliko Katumba, si taifa. Kwenye halmashauri ya vijijini yenye watu wachache, makumi elfu ya wapiga kura wapya hubadilisha nani anakuwa diwani, nani mbunge, na shule inajengwa wapi. Mwenyeji wa Katavi anayelisema hilo hana chuki, anasema hesabu. Jibu lake ni vijiji na kata zenye uongozi uliochaguliwa, na mgao wa bajeti unaofuata idadi halisi ya watu. Kumwita mbaguzi hakumjengei zahanati.

Kenya ilipita njia nyingine. Wamakonde waliotoka Msumbiji na kusini mwa Tanzania kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa huko Kwale waliishi miongo bila vitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai haki. Mwaka uliofuata walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani walifuata mwaka 2023. Tofauti ni ya kuzingatiwa: Kenya ilifungua mlango kwa kulitambua kabila, Tanzania ilimpa mtu mmojammoja cheti bila kuuliza kabila lake. Njia ya Kenya huipa jamii heshima ya kutajwa. Yetu humwacha mtu huru asitajwe. Mimi naipendelea yetu, ingawa ina udhaifu wake: asiye na karatasi hana jamii inayotambulika ya kumsemea.

Mgeni pia huweza kuwa mwenyeji aliyechelewa kurudi. Chogo, wilayani Handeni, wamo waliokimbia vita vya Somalia baada ya 1991, wazao wa Wazigua waliochukuliwa utumwani kutoka maeneo ya Tanga katika karne ya 19. Walifika wakiongea Kizigua. Zaidi ya elfu moja kati yao wamepata uraia, nao pia kwa tajnisi.

Mwenye cheti cha tajnisi ana nini mkononi? Anapiga kura, anamiliki mali kama raia, anasafiri kwa pasipoti ya Tanzania, anakwenda popote nchini bila kibali. Urais hawezi kuugombea, kwa sababu Ibara ya 39 ya Katiba inamtaka raia wa kuzaliwa mwenye umri usiopungua miaka 40. Tena uraia wake unaweza kufutwa kwa sababu zilizotajwa kisheria, jambo ambalo Waziri hawezi kumfanyia raia wa kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa nchini baada ya mzazi kupata tajnisi hahitaji kuomba chochote: ni raia wa kuzaliwa, na aliyezaliwa Katumba mapema mwaka 2015 atakuwa na miaka 40 uchaguzi wa 2055. Cheti chake cha kuzaliwa kutoka RITA kichukuliwe mapema, na nakala ya cheti cha tajnisi cha mzazi ihifadhiwe pamoja nacho. Cheti halisi kisitembezwe mfukoni. Ofisa akikuhoji, mpe nakala na umwombe aithibitishe ofisi ya Uhamiaji ya wilaya au mkoa. Kikipotea, taarifa ianzie polisi, kisha Uhamiaji.

Karatasi ya uraia haikumaliza suala la ardhi. Makazi hayakuanzishwa kama vijiji. Yalikuwa maeneo yaliyotengwa kwa wakimbizi, na uraia wa mkulima haukuyageuza mashamba yake kuwa na hati. Anayeishi katika maeneo hayo, awe mwenyeji au raia mpya, akifika mkutano wa kijiji aulize kwanza mambo mawili: je, kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji, na mpango wa matumizi ya ardhi umepitishwa? Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kijiji kisicho na cheti hicho hakiwezi kumpa mtu hatimiliki ya kimila, hata awe amelima shamba hilo tangu 1973.