Pombe na Ubongo wa Mzee

Mzee anauliza chai yake iko wapi, na kikombe amekishika mkononi. Usiku anatoka kutafuta ng'ombe aliyeuzwa zamani. Akikutwa gizani kwenye boma la jirani, watu huanza kunong'ona habari za uchawi. Mnamo Oktoba 2021, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa Marani, Kisii, kwa tuhuma hiyo. Jamani, kusahau na kutangatanga hivyo ni dalili za maradhi ya ubongo, na pombe huyachochea.

Ubongo una seli zake za ulinzi. Uzeeni seli hizi huchokozeka upesi na huchelewa kutulia. Pombe huzichokoza kwa njia mbili: hufika kichwani yenyewe, na pia hulegeza ukuta wa utumbo, sumu za bakteria zikapenya hadi kwenye damu. Matokeo yake ni uvimbe wa ndani usioonekana wala kuuma, unaodhoofisha seli za kumbukumbu mwaka baada ya mwaka. Tena mwili wa mzee una maji kidogo, hivyo glasi ileile ya chang'aa aliyoimudu ujanani sasa humlemea. Busaa nayo ni pombe, hata ikiwa imepikwa kwa wimbi wa shambani.

Anayekunywa bila kula hupungukiwa na vitamini B1, iliyomo kwenye maharagwe, njugu na uji wa wimbi. Akichanganyikiwa ghafla, macho yakichezacheza na miguu ikiyumba hata kabla hajanywa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Akicheleweshwa, kumbukumbu inaweza isirudi.

Msimfungie chumbani ili aache leo. Aliyezoea kunywa kila siku akikatiwa ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kushikwa na degedege, hata kufa. Aache chini ya uangalizi wa daktari. Inafaa kuacha hata akiwa na miaka 70, kwani ubongo uliopumzishwa pombe hupata nafuu kiasi.

Mkienda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, au ile ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira, bebeni dawa zake zote, hasa za presha, sukari na usingizi. Mwambieni daktari bila kuficha anakunywa nini, glasi ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini.