ALIKWISHA: NENO MOJA, KAZI TATU



Katika ukurasa huu wa masomo tunachunguza neno ambalo kila mutu anafikiri analijua: alikwisha. Hapa Yahuma wengi wetu tumelelewa katika Lingala, na Kiswahili kimetufikia kwa njia ya Kisangani, kwa wasafiri, wachuuzi na redio. Basi tunakisema mbio mbio, bila kusimama na kuuliza neno lina kazi gani.

Muhula uliopita mutu wa kinga alipita internat na habari ya mdomo: «Baba ya ule mutoto wa darasa la pili alikwisha.» Mutoto alilia usiku muzima. Asubuhi barua yenyewe ikafika: baba alikwisha kutoka hospitali, tena alikuwa anakula vizuri. Neno «kutoka» peke yake njo lilipotea njiani. Tazameni sasa kazi tatu za kitenzi hiki.

KAZI YA KWANZA: kufika mwisho. «Chumvi ilikwisha.» «Mvua ilikwisha.» Hapa kitu chenyewe kinafika mwisho. Lakini mutu anayefanya kazi mpaka mwisho, yeye anamaliza. Tunasema «tulimaliza shamba», hatusemi «tulikwisha shamba». Kifaransa nacho kinatenga il a fini na il est fini. Angalieni pia herufi ya mwanzo. Katika Yohana 19:30, Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 inaandika neno la Yesu mwenyewe kwa kitenzi hiki kikianza na i-, si a-. Maana yake kazi imetimia. Si habari ya mutu kuishiwa nguvu.

KAZI YA PILI: kusaidia kitenzi kingine. «Tulipofika mtoni, mtumbwi ulikwisha kuondoka.» Mtumbwi haukuharibika, kuondoka kwake kulitangulia kufika kwetu. Tukisema «mwalimu amekwisha kuingia», kuingia kumetimia, na sasa yumo darasani. Njia ndefu hii imefupishwa na wasemaji: amekwisha kula, kisha ameshakula. Huku kwetu Kongo tunasikia «alisha kula». Katika mazungumzo ni sawa, lakini katika insha andikeni amekwisha kula ao ameshakula. Na mukitaka kukana, musitafute njia mpya: jibu la «ameshafika?» ni «bado, hajafika».

Wenye Lingala hawatashangaa, maana kosila nayo inafanya kazi hizi mbili: kufika mwisho, na kuonyesha kwamba jambo limetimia.

KAZI YA TATU: kumtaja mutu aliyepungukiwa. «Mzee amekwisha kwa homa.» Mwili umekonda, nguvu hazipo, lakini mzee yuko muzima. Hapa ndipo hatari inakaa, kwa sababu wengine wakisikia hivyo wanafikiri kilio. Kama mutu amekufa, semeni kwa heshima «amefariki». Kama ni mgonjwa, semeni ni mgonjwa.

KANUNI: tazameni kinachofuata. Kama kitenzi kingine kinafuata, ni kazi ya pili. Kama hakuna, ulizeni nani ao nini kimekwisha: kitu, ni kazi ya kwanza, mutu, ni kazi ya tatu.

Taabu hii si ya Kiswahili peke yake. Katika Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika ambapo Kihispania ni lugha ya serikali, mwanafunzi anakutana na neno fue. Fue médico ni «alikuwa daktari»; fue a Malabo ni «alikwenda Malabo». Naye anatazama kinachofuata, sawa na sisi.

Jihadharini pia na herufi moja: aliishi ni kuwa na uhai, lakini iliisha ni kufika mwisho. Neno la kwanza lina asili ya Kiarabu, la pili ni la Kibantu. Yanafanana kwa sikio tu.

ZOEZI. Semeni ni kazi gani:
1. Mafuta ya taa yalikwisha.
2. Alipoamka, wenzake walikwisha kwenda mtoni.
3. Yule mwindaji amekwisha, hawezi kubeba hata kikapu.
4. Nilikwisha kumwambia.

Majibu: 1, kazi ya kwanza, 2, ya pili, 3, ya tatu, 4, ya pili.

Wenzetu, wengi wenu mutatumwa na habari wakati wa likizo, kijiji hata kijiji. Mukipewa neno «alikwisha», musiondoke kabla ya kuuliza: «Alikwisha kufanya nini?» Ulizo hilo ni dogo, lakini linaweza kuokoa usiku wa mutu.

Masomo mema.